Cucu, Arkimedes na Jagi la Maji

Mwalimu Wekesa alizikwa kwao Jumamosi iliyopita, na sisi wanafunzi wake wa masomo ya jioni ambao hatukuweza kusafiri tukakutana mjini kunywa chai ya kumkumbuka. Watu wazima sasa, wenye vitambi na miwani, kila mmoja akieleza jinsi mwalimu yule alivyomtoa gizani. Zamu yangu ilipofika nikasema alinifundisha Arkimedes, basi. Meza nzima ikaangua kicheko. "Mwende na Arkimedes wake! Si ni wewe ulikuwa unalia darasani akitajwa tu?" Nikacheka kuliko wao, maana kwa kicheko hamniwezi; nilizaliwa nikicheka hadi mkunga akadhani nimepagawa. Lakini ni kweli nililia, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwa nini. Walidhani namhurumia Mgiriki. Mimi nilikuwa najihurumia mwenyewe, maana mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu za mkono zikiwa bado ni za kuonyeshwa wageni, niliishi na hofu kama mtu anavyoishi na mpangaji mwenza. Tuliamka pamoja, tukala pamoja, na chakula kingi akala yeye.

Darasa letu lilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja kuukuu, pale mji unapoishia na Ngara kuanza, juu ya duka la chipsi. Hakuna adhabu duniani kama kufundishwa hesabu huku viazi vinakaangwa chini ya miguu yako na wewe umeshinda na chai ya rangi. Tulikuwa makondakta, mafundi, wauza mitumba, walinzi wa mageti, na mama mmoja aliyesinzia kutoka maombi ya kufungua hadi maombi ya kufunga, kisha akatupita sote kwenye mtihani. Mimi mchana niliuza mabeseni, ndoo na majagi katika duka la jumla hapo Ngara, na mikono yangu ilinuka plastiki hivi kwamba hata ugali nilioushika ulikuwa na ladha ya ndoo. Mwalimu Wekesa aliingia na kipande cha chaki mfukoni, akatuangalia kama daktari anayechagua wa kulazwa. "Nyinyi mnadhani Arkimedes ni mambo ya vitabu," akasema. "Ile mashine ya kusaga nyama buchari, ile kitu inazunguka ndani ikisukuma nyama mbele, hiyo ni parafujo yake. Yeye aliitumia kupandisha maji. Makanika akiinua lori kwa jeki, ni yeye. Fundi aking'oa jiwe kwa mtaimbo, ni yeye tena. Jamaa amekufa zamani za kale na bado hajastaafu!"

Kisha akatupa ile hadithi ya taji. Mfalme alimpa sonara dhahabu amtengenezee taji. Taji likaja likimeremeta, na lilipowekwa kwenye mizani uzito ulikuwa ule ule. Lakini watu wakanong'ona kwamba sonara kaiba dhahabu kiasi, akajazia madini mengine. Utajuaje bila kuliyeyusha? Arkimedes akaenda kuoga akiwa na hilo swali kichwani, akajitumbukiza, maji yakamwagika, naye akaruka nje akikimbia uchi barabarani akipiga kelele kwamba amepata. "Hapa Ngara askari wa kanjo wangembeba kwa lori," konda mmoja akasema, tukacheka hadi wa chipsi wakagonga dari. Mwalimu alingoja tukanyamaza. Akasema mji wa Arkimedes ulipotekwa, askari mmoja alimkuta ameinama akichora maduara yake mchangani. Askari akamwamrisha ainuke. Mzee akaomba amalize kwanza hesabu. Upanga ndio uliomaliza. "Kujua ni kuzuri," mwalimu akasema akipangusa chaki kwenye suruali, "lakini angalia ni nani amesimama nyuma yako." Wenzangu wakaandika. Nami niliandika, nikashuka ngazi nikiwa mzima kabisa. Sikujua kwamba kabla mwezi haujaisha nitakuwa mimi niliyeinama, na mtu amesimama.

Nilikuwa nimepanga chumba Kangemi kwa Cucu. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na ploti nzima tulimwita hivyo, Mkamba kama mimi, Waluhya wa upande wa choo, hata mlinzi Mmaasai aliyekuwa na umri wa kuwa kakake. Vyumba vilizunguka ua wenye mfereji mmoja na kamba za nguo nyingi kuliko nyaya za stima. Ploti ile ndiyo mume wake aliyomwachia, na aliifagia mwenyewe kila asubuhi kama anaipapasa. Chumba changu na chake vilitenganishwa na mbao tu, mbao nyembamba hivi kwamba Cucu akipiga chafya mimi ndiye niliyejibu kwa kikohozi. Ndivyo nilivyomsikia Ndugu Jotham, mtu wa ushirika wake wa maombi, jioni moja nikimenya ndizi.

"Mama, hii ni baraka imekutafuta. Sanduku zima, mama. Mwenyewe anataka kurudi kwao haraka, ndio maana anakubali ploti hii badala ya pesa. Unampa taito, hati yake, unaweka sahihi, unabeba dhahabu yako."

"Na hawa watu wangu wamepanga?"

"Mungu atawaonyesha pengine pa kukaa."

Moyo wangu uliruka nikausikia umegonga mabati. Kuhama kuliniogopesha, sikatai, lakini kilichoniogopesha zaidi ni sauti ya Cucu. Yule mwanamke aliyebishana na muuza sukuma wiki hadi akaongezwa jani, alikuwa akijibu taratibu, kama mtu anayeota.

Jotham alipoondoka nikabisha hodi. Cucu alinipakulia githeri, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema neno zito mbele ya mtu mwenye njaa. Nikamuuliza kama ana hakika ile ni dhahabu. "Kwani mimi ni mtoto?" akasema. "Walinipa kipande cha zile tofali za dhahabu, nikakipeleka mwenyewe kwa sonara hapo kwenu Ngara. Akakisugua kwa jiwe lake, akatia dawa, akaniambia mama, hii ni safi."

"Ulikikata wewe kwenye zile tofali zao?"

"Walinipa, nimekwambia."

"Sasa Cucu, mtu akikupa kipande cha nyama uonje, kisha akuuzie mfuko umefungwa, utajua ndani kuna nini?"

Aliacha kutafuna. Nikakimbilia chumbani, nikarudi na jagi la dukani na beseni. Nilijaza jagi hadi maji yakasimama ukingoni yakitetemeka, nikalitumbukizia jiwe la mizani la kilo moja nililoazima kwa jirani muuza viazi. Maji kidogo tu yakamwagika. Nikajaza tena, nikatia viazi vya kilo moja, na hapo gharika ya Nuhu ikarudi, tukainua miguu. "Umeona? Kilo ni kilo, lakini kitu kizito kwa asili yake kinajibana, hakichukui nafasi. Na dhahabu inajibana kuliko chuma, kuliko shaba."

"Kama marehemu mume wangu akiwa na pesa," Cucu akasema. Hakucheka. "Mwende, wale ni watu wameokoka. Nikienda kwao na beseni kama mtu ameenda kufua, nitakuwa nimewaita wezi."

Alisema kweli, na wazo lilinijia kutoka kwake mwenyewe. Katika ushirika wao hakuna kitu kikubwa kilichoingia nyumbani bila kuombewa na kutiwa maji. Ng'ombe alitiwa maji. Cherehani ilitiwa maji. Ule mfereji wa uani, ambao kazi yake ni maji, nao siku ulipowekwa ulinyunyiziwa maji. Nikauliza polepole, "Hizo tofali utaziombea?"

"Nitaachaje?"

"Na maji je?"

Cucu aliweka kijiko chini. "Leta jagi jipya," akasema. "Si hili la viazi." Sikujua kama amenielewa au alitaka tu jagi.

Jioni iliyofuata nilibaki darasani wenzangu wakishuka, nikamuuliza mwalimu kilo ya dhahabu humwaga maji kiasi gani. Akachora, akagawa, akasema ni kama robo ya kikombe cha chai. Na shaba? Zaidi ya nusu kikombe. Kisha chaki ikasimama. "Mwende, hili ni swali la mtihani au la maisha?"

"La mtihani, mwalimu."

"La mtihani ungeliuliza wenzako wakiwapo." Alifuta ubao taratibu. "Kama ni la maisha, usilifanye ukiwa peke yako." Nilienda nyumbani, nikapima maji kwa kikombe, nikayamimina kwenye bakuli nyeupe jagi lililojaa likiwa limesimama ndani yake, na kwa rangi ya kucha, nyekundu, nikachora mistari miwili ndani yake. Wa chini ndipo dhahabu ingeishia. Wa juu ulikuwa wa shaba. Nimeolewa, nimezaa, nimejifungua mmoja kwa upasuaji, na sijawahi kushika kitu kwa uangalifu kama nilivyoshika ile brashi ya rangi ya kucha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, jua la kuanikia mahindi. Jotham alitungoja kwenye maduka ya Adams Arcade na gari, akatupeleka kwenye nyumba moja huko nyuma, kwenye vichochoro vya miti vinavyotoka Ngong Road, ukuta mrefu, geti jeusi, mbwa wa kimo cha ndama. Mimi husema hadi leo kwamba walikuwa wa kimo cha ndama, mume wangu husema nimeongeza. Basi na waje wamwangalie yeye vile walivyoniangalia mimi. Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Viti vilikuwa bado vimevaa nailoni za dukani. Ukutani hapakuwa na picha ya mtu, wala kalenda. Lakini kilichonigandisha damu ni kwamba hatukupewa chai. Nyumba ya watu waliookoka, mgeni ni mama mzee, ametoka Kangemi, hapewi hata maji! Nilimtazama Cucu nikaona naye ameliona hilo, maana alikuwa ameshusha miguuni kiondo chake chenye jagi, bakuli na kikombe, akabaki amekumbatia mkoba wenye taito kifuani kwa mikono yote miwili.

Walikuwa wawili. Mmoja mnene, viatu vya kung'aa, Jotham alimwita Mkurugenzi. "Bwana asifiwe, mama, karibu sana." Mwingine alisimama mlangoni kwa ndani, mwembamba, jaketi ya ngozi, akitafuna kijiti cha meno. Huyo hakusalimia mtu. Mkurugenzi alifungua sanduku, na zilikuwemo, tofali ndogondogo zimepangwa kama sabuni, zinang'aa hadi nikakunja macho. Akaweka moja kwenye mizani: kilo kamili. "Zote ni kilo kilo. Sasa mama, tukamilishe."

"Tuombe kwanza," Cucu akasema.

"Tumeshaomba asubuhi."

"Nyinyi mmeomba. Mimi je? Mwende, lete maji."

"Maji ya nini tena?"

"Ni desturi yake, Mkurugenzi," Jotham akadakia. "Kitu kikubwa lazima kitiwe maji."

"Dhahabu haipendi maji, mama."

"Kwani ni sukari?" Cucu akauliza. Kisha akaongeza kwa upole ulionitia baridi: "Jotham aliniambia mmeokoka. Kama hamtaki maombi, semeni tu, mimi ni mtu mzima, nitaelewa."

Hapo ndipo walipojinasa wenyewe. Walikuwa wamemwambia mama yule kila neno alilotaka kusikia, haleluya zote, na sasa haleluya ziliwazuia mlango. Mkurugenzi akatabasamu kwa meno tu. Nikabeba jagi langu hadi jikoni, na hatua za yule mwembamba zikanifuata, taratibu. Jikoni hapakuwa na sufuria. Hapakuwa na kitunguu, wala mwiko, wala harufu ya jana. Nilifungua mfereji nikasikia anapumua nyuma ya sikio langu, nikamkumbuka yule mzee na maduara yake. Nusu ya maji niliyamwaga njiani kurudi sebuleni, ikabidi nirudi mferejini na kikombe kujazia. Nikaweka bakuli mezani, jagi ndani ya bakuli, maji hadi ukingoni.

"Chukua ya chini kabisa," Cucu akaniambia. "Hiyo ndiyo imebeba wenzake." Nikaichomoa. Cucu akafumba macho, Jotham akafumba, Mkurugenzi akainamisha kichwa, na maombi yakaanza. Nikaishusha ile tofali kwa vidole viwili hadi ikazama, na maji yakaanza kushuka ubavuni mwa jagi, kimya kimya, kama mtu anayelia hataki kusikika. Nilifumba jicho moja kwa ajili ya Mungu, lingine nikaliacha kwenye bakuli. Maji yakaufikia mstari wa chini. Nikaomba yasimame. Naapa niliomba iwe dhahabu, hata kama tungehamishwa sote, kwa sababu dhahabu ingeturudisha nyumbani salama. Yakaupita. Yakapanda, yakapanda, yakagusa mstari wa juu, ndipo yakatulia. Nikainua uso. Yule wa mlangoni alikuwa ananitazama, macho wazi, kijiti kimesimama mdomoni.

Cucu hakuwa na habari, au ndivyo nilivyodhani. Alikuwa anaomba. Aliombea serikali, akaombea mvua, akaombea wajane wote kuanzia Kangemi hadi mpakani, akamwombea mama mzazi wa Mkurugenzi alale pema kama ni marehemu, na kama yu hai aongezewe siku. Aliombea madereva. Sijawahi kusikia maombi marefu hivyo, na mimi nimekesha makanisani. Nilitaka aache na nilitaka asiache kamwe, maana yule mtu hakuniondolea macho hata kidogo, na nilijua amina ikitamkwa kitu fulani kitatokea chumbani mle. Jasho lilinitiririka hadi nikaogopa litaongeza maji kwenye bakuli.

"Amina," Cucu akasema mwishowe. Hakuangalia bakuli. Hakuniangalia mimi. Alishika mkoba wake, akainuka, akapangusa sketi. "Ndugu zangu, sijapata amani."

Asiyeishi na watu wa wokovu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Ukisema huna pesa utabishaniwa, ukisema huamini utashawishiwa, lakini amani ya moyoni ni ya mtu na Mungu wake, hakuna anayeweza kukuingilia humo. Mkurugenzi alijaribu. "Mama, huyo ni shetani anazuia baraka yako."

"Basi nitafunga nimshinde. Nikipata amani, Jotham atawaambia."

Ndipo yule mwembamba akazungumza mara ya kwanza. "Na huyu siste anasoma wapi?" Alikuwa amekuja mezani. Alipitisha kidole gumba ndani ya bakuli, polepole, juu ya mstari mwekundu, kisha akaangalia kucha zangu. "Rangi ni safi," akasema. Cucu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kuchoka, "Huyu? Hajasoma. Ni msichana wangu wa kuosha vyombo. Mwende, kusanya hivyo vitu twende, mimi miguu inaniuma." Nikakusanya. Nilirudisha ile tofali sandukuni ikiwa inadondosha maji. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Nilikuwa na hakika umefungwa. Tulitembea ule uwanja mbwa wakiunguruma, Cucu mbele, mimi nyuma, na hadi leo mgongo wangu unakumbuka kila pumzi. Jotham alibaki kule ndani. Sijui hadi leo kama alikuwa wao au alikuwa amedanganywa kama sisi, kwa sababu hakuja tena Kangemi, wala hakuonekana tena kwenye ushirika.

Baada ya hapo sikupaka rangi ya kucha mwaka mzima. Jaketi ya ngozi ikipita nje ya duka letu nilijificha nyuma ya ndoo, na darasani Arkimedes akitajwa machozi yalinitoka yenyewe. Lakini siku ile, tulipofika, Cucu alinivuta chumbani kwake, akafunga komeo, kisha akasukuma meza ikaegemea mlango. Jua lilikuwa bado linawaka nje, watoto wanacheza mferejini. Alikaa kitandani na mkoba mapajani. Nikaona nimweleze.

"Cucu, yale maji yalifika mstari wa juu. Ilikuwa shaba."

"Maji gani?" akasema. "Mimi sikuangalia maji yako. Niliangalia yule wa mlangoni. Tangu nimwite Mungu, hakufumba macho. Mwende, mtu ameokoka anaweza kuiba. Anaweza kudanganya, hata atembee na bibi ya mtu. Lakini akisikia maombi atafumba macho, hiyo iko kwa damu."

"Kwa hivyo hata wewe ulikuwa umefungua macho."

"Tangu mwanzo."

"Na kama ulijua tangu mwanzo, mbona uliomba hivyo bila kumaliza? Mimi nilikuwa nakufa pale."

Alinyoosha mkono akanishika, na nikagundua kwamba wake ndio uliokuwa ukitetemeka zaidi. "Ningefanya nini, mtoto wangu?" akasema. "Sikuwa najua tutatoka vipi."